MMEA MMOJA, MAJINA MENGI
Namna ya kutambua na kuotesha Rhektophyllum, jani la pori letu



Katika somo la botanika tunafundishwa kutazama jani kwanza: umbo lake, mishipa yake, ukingo wake, kikonyo chake. Ni mafundisho mazuri. Lakini iko mimea ambayo jani lake la utoto na jani lake la uzee hayafanani hata kidogo, na mwenye kutazama jani moja tu atadanganyika. Leo tutaeleza mmoja wa namna hiyo. Unaota katika pori za Kongo, chini ya miti mikubwa, na watu wengi wanaupita bila kuujali. Kule Ulaya na Marekani mmea huohuo unatafutwa na wapenda mimea ya nyumbani, sababu hauonekani mara nyingi katika maduka yao.

Jina lake la kitaalamu leo ni Cercestis mirabilis. Mukikuta jina Rhektophyllum mirabile katika kitabu cha zamani, mujue ni huohuo. Katika maandiko haya tutasema Rhektophyllum, sababu jina hilo lina maana inayosaidia kuukumbuka.

1. HABARI YA MAJINA

Mwaka 1882 mtaalamu mmoja Mwingereza, N. E. Brown, aliyefanya kazi katika bustani ya Kew karibu na London, aliuandika mmea huu kwa jina Rhektophyllum mirabile. Jina la kwanza limetoka katika Kigiriki: rhektos ni kilichopasuka, phyllon ni jani. Jina la pili ni la Kilatini, maana yake ni «wa ajabu». Basi, mmea wa ajabu wenye jani lililopasuka. Kweli, jani la mmea mzima limepasuka pembeni na tena lina matundu katikati, sawa na nguo iliyoliwa na mende.

Lakini mmea mchanga wa namna hiyohiyo uliingia katika nyumba za vioo za Ulaya ukiwa na jina lingine kabisa, Nephthytis picturata, ni kusema «uliopakwa rangi». Sababu gani? Sababu jani lake lilikuwa zima, bila tundu, na lilikuwa na madoa meupe ya kupendeza. Hakuna aliyeweza kuona mara moja kwamba mtoto huyu na mzee yule ni wa nyumba moja. Tena wataalamu wa Ubeleji, De Wildeman na Durand, waliandika mmea wa Kongo kuwa aina ya pekee, wakauita Rhektophyllum congense. Kiisha, katika miaka ya 1980, Josef Bogner wa bustani ya mimea ya München, Ujerumani, aliuingiza katika ukoo wa Cercestis, ukoo ambao unapatikana Afrika tu. Ndiyo maana leo unaitwa Cercestis mirabilis.

Munaona? Watu wenye vitabu na darubini walitoa majina mengi kwa kitu kimoja. Hawakuwa wajinga. Walipelekewa vipande: huyu jani la mtoto, yule jani la mzee, wote mbali na pori. Sisi tulio karibu na pori tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo. Tunaweza kuufuata mmea toka chini mpaka juu, na kuona kwa macho yetu namna unavyogeuka. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, mwanadamu aliletewa wanyama apate kuwapa majina. Waliletwa wote mbele yake, akawaona wenyewe. Hakuletewa mkia wa huyu na sikio la yule.

2. NAMNA YA KUUTAMBUA

Rhektophyllum ni wa jamaa ya Araceae, jamaa moja na magimbi yetu ya shambani. Unapatikana toka Nigeria na Kameruni, kupita Gabon, mpaka Kongo na Angola, katika pori nzito yenye mvua mingi. Tazameni alama hizi tano, na musitoshewe na moja tu:

a) Jani la mtoto. Lina umbo la kichwa cha mshale, na masikio mawili nyuma. Rangi yake ni kijani, na katikati ya mishipa kuna madoa ya kijani cheupe, karibu na rangi ya fedha. Madoa hayo si ugonjwa. Madoa ya ugonjwa yanakaa ovyoovyo, yana ukingo wa manjano ao wa rangi ya kahawa, na yanaongezeka. Madoa ya Rhektophyllum yanafuata mishipa kwa utaratibu, na kila jani changa linatoka nayo.

b) Jani la mzee. Mmea ukipanda juu ya mti, majani yanakuwa makubwa, hata kupita nusu ya mita. Madoa yanafifia. Pembeni jani linakatika kama vidole, na katikati linapata matundu. Katikati ya umri huo kuna majani ya kati: nusu ya mtoto, nusu ya mzee. Hayo ndiyo ushuhuda mkubwa. Ukiyapata juu ya shina moja, kazi ya kutambua imekwisha.

c) Mizizi ya hewani. Shina linashika gome la mti kwa mizizi midogo, na mizizi mingine mirefu inashuka mpaka udongoni. Katika Kameruni watu wanatoa nyuzi katika mizizi hiyo, za kufunga na kusuka. Kwao jani la ajabu ni kitu cha kazi.

d) Kamba tupu. Mmea unatoa machipukizi marefu, membamba, bila majani, yanayotambaa chini ama kuning'inia. Mtu asiyejua atasema ni kamba iliyokufa. Lakini ndiyo njia yake ya kusafiri: kamba ikipata pahali pazuri, inatoa mizizi na kumea mtoto mpya wenye madoa.

e) Ua. Haliko na petali za rangi kama waridi. Ni kijiti kilichosimama ndani ya jani moja la kukifunika, sawa na ua la gimbi. Maua ya kike yako chini ya kijiti, ya kiume yako juu.

3. MIMEA INAYODANGANYA

Kuna mimea minne inayochanganya watu mara kwa mara.

Wa kwanza ni Syngonium, unaopandwa mbele ya nyumba nyingi mjini. Nao una jani la mshale lenye weupe. Lakini asili yake ni Amerika ya joto, si Afrika. Ukizeeka jani lake linagawanyika kabisa kuwa majani madogo yaliyopangwa kama vidole vya mkono, bila matundu katikati. Ukikata kikonyo chake, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba wauzaji wa Marekani waliuita Syngonium kwa jina la Nephthytis, na mpaka leo wengine wanaliendeleza. Basi jina lile lilikaa juu ya mimea ambayo si yake.

Wa pili ni Monstera, wa Meksiko na Amerika ya Kati. Una matundu kweli, lakini jani lake la utotoni ni la umbo la moyo na halina madoa ya fedha.

Wa tatu ni Caladium, wenye rangi nyingi. Huo haupandi miti. Unatoka katika kiazi chini ya udongo, na majani yake ni membamba kama karatasi. Kikonyo chake kimeungana na tumbo la jani, si na ukingo.

Wa nne ni ndugu wa porini, Anchomanes. Nao jani lake limekatikakatika, lakini kikonyo chake kina miiba na kinasimama peke yake toka udongoni. Mkono wako utakujulisha tofauti kabla ya macho.

Mukitaka kuwa na hakika kamili, kausheni mfano wake: wekeni jani la mtoto, jani la kati, jani la mzee (ama kipande chake chenye ukingo na tundu), kipande cha shina na ua kama liko. Panga ndani ya magazeti, weka mawe mazito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka mfano ukauke. Andika tarehe, pahali, na muti ambao ulipanda juu yake. Herbarium ya Yangambi, pale kandokando ya mto Kongo chini ya Kisangani, ina mifano zaidi ya laki moja iliyokaushwa namna hiyo. Kituo kile kilianza mwaka 1933 kwa jina la INEAC. Mfano wenye jani moja tu bila maneno ni takataka. Mfano wenye umri wote na maneno yake ni shahidi hata kiisha miaka mia.

4. HATARI: HAPANA KUTIA MDOMONI

Hapa inafaa kusikiliza vizuri, zaidi sana wale wanaokwenda pori wakati wa likizo kutafuta mboga.

Mimea ya jamaa hii ina vipande vidogo sana vya kalsiumu oksalati ndani ya majani na mashina. Vipande hivyo ni kama sindano, havionekani kwa macho. Ukitafuna jani, sindano zinaingia katika ulimi na koo. Mdomo unawaka moto, mate yanatoka mingi, midomo inavimba. Magimbi pia yana sindano hizo, ndiyo sababu mama zetu wanayapika sana kabla ya kula, na mikono yao inawasha wakati wa kumenya. Lakini gimbi tumeurithi pamoja na ujuzi wa kulipika. Jani la Rhektophyllum si mboga. Usilichanganye na fumbwa ama na jani lingine la kamba ya pori ambalo watu wanakula. Mwenye kutambua kwa jani moja atakosa jina katika kaye. Huko jikoni kosa hilo litaunguza kinywa cha nyumba nzima.

Mtoto akitafuna jani: toa vipande mdomoni, mwoshe kinywa kwa maji, umpe maji baridi ama maziwa kidogo kidogo. Hapana kumlazimisha kutapika. Ulimi ama koo ikivimba, ama akipumua kwa shida, mpeleke mara moja dispansere na uchukue kipande cha jani ili muganga aone. Ukikata mmea, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Na chombo chake kikae juu, pahali ambapo mtoto anayetambaa na mbuzi hawafiki.

5. NAMNA YA KUUOTESHA

Mbegu si njia nyepesi. Njia nzuri ni kipande.

Kukata. Chagua shina lenye vifundo viwili ao vitatu na mzizi wa hewani angalau mmoja. Kata chini ya kifundo kwa kisu kilichooshwa na kupitishwa juu ya moto. Kipande cha kamba tupu kinafaa pia, kama kina vifundo. Kilaze juu ya udongo, ukifunike nusu. Acha kidonda kikauke masaa machache katika kivuli. Kipande kisicho na kifundo hakitamea hata ukisubiri mwaka mzima, sababu macho ya kuchipuka yako pale kwenye kifundo.

Udongo. Mmea huu haupendi udongo mzito wa potopoto. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi wa majani yaliyooza, sehemu moja ya mchanga mnene wa mto, na sehemu moja ya makala yaliyopondwa. Walio Goma wanaweza kutumia vipande vidogo vya makoro pahali pa mchanga. Kusudi ni moja: maji yapite, hewa iingie, unyevu ubaki. Chombo kinaweza kuwa kopo la maziwa ya unga ama bido iliyokatwa, lakini toboa chini matundu mengi.

Siku za kwanza. Funika chombo kwa sashe nyeupe ya kupitisha mwanga, ukiifungua kila siku kidogo ili hewa iingie. Mara nyingi mizizi inakuja kati ya juma la nne na la nane. Hapana kuvuta kipande kila asubui kuona kama kimeshika! Jani jipya ndilo jibu.

Mwanga. Kumbuka pahali ulipotoka: chini ya miti mirefu. Jua la saa sita litachoma jani na kuacha alama kavu. Giza la ndani ya nyumba nalo litafanya shina kuwa refu na dhaifu. Kipimo chepesi ni hiki: pahali ambapo unaweza kusoma kitabu bila taa mchana, lakini jua lenyewe halikupigi, pale panafaa. Barza yenye kivuli ni pazuri.

Maji. Ingiza kidole katika udongo mpaka kifundo cha kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kikitoka na unyevu, ngoja. Mimea ya vyombo inakufa kwa maji mengi zaidi kuliko kwa kiu: mizizi inaoza, majani yanakuwa manjano, na mwenyewe akiona manjano anaongeza maji tena.

Joto na hewa. Unataka joto lisiloshuka chini ya digri 18. Kisangani, yenye kimo cha mita karibu 400 tu, mmea haupati shida. Bukavu, karibu mita 1.500, uusogeze mbali na dirisha usiku. Lubumbashi shida ni kiangazi: mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi na hewa ni kavu. Kule weka chombo juu ya sahani yenye mawe madogo na maji, ili mvuke upande; lakini chini ya chombo pasiguse maji. Futa vumbi juu ya majani kwa kitambaa chenye maji.

Mti wa kushika. Hili ndilo jambo kubwa, na wengi hawalijui. Rhektophyllum usiopata kitu cha kupanda utabaki mtoto, na majani yake ya mshale na madoa. Ukiupa nguzo, utaanza kukua na kugeuka. Simamisha kijiti kinene katikati ya chombo, kizungushie nyuzi za mchikichi, na ukimwagilie nacho pia ili mizizi ya hewani ishike. Kwa hiyo mwenye kupenda madoa aukate na kuufupisha mara kwa mara. Mwenye kutaka matundu aupe nguzo na saburi ya miaka. Hatuwezi kuwa na yote mawili juu ya jani moja.

Mbolea. Kijiko cha samadi iliyooza vizuri, kila miezi miwili wakati wa mvua, kinatosha.

6. WADUDU, NA SABABU YA KUTOPELEKA OVYO

Adui wake katika nyumba ni wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye pembe za vikonyo. Wafute kwa kitambaa na maji ya sabuni, rudia kila juma mpaka waishe, na utenge chombo kile mbali na vingine.

Wadudu hawa wana ndugu tunayemjua kwa machozi: yule mdudu mweupe wa mihogo. Hakuwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na alionekana Kongo katika miaka ya 1970, akaharibu mashamba mengi. Mdudu mdogo bila mabawa havuki bahari kwa nguvu zake. Wenye kuchunguza wanasema alisafiri pamoja na vipande vya mimea. Ndiyo sababu mimea ikivuka mpaka inatakiwa kuwa na barua ya ukaguzi. Usichukue barua ile kuwa usumbufu wa ofisi. Kipande kimoja katika sanduku kinaweza kuleta njaa katika nchi nzima.

7. TUSIMALIZE PORI

Mwaka 2020, wakati watu wa nchi nyingi walifungiwa nyumbani sababu ya Korona, hamu ya mimea ya nyumbani ilipanda sana, na mimea yenye madoa ilipata bei kubwa. Mtu akija kwenu na feza akitaka mimea ya pori pamoja na mizizi yake, mutajibu nini? Kung'oa mmea mmoja ni kazi ya dakika tano. Lakini mzee mwenye majani ya matundu alihitaji miaka mingi na mti mkubwa wa kumbeba, na mti ule ukikatwa kwa makala, hata tukibaki na vipande katika makopo hatutaona tena mmea ukifika uzee wake.

Basi kanuni yetu iwe hii: chukua kipande kimoja chenye vifundo, acha mizizi na shina mahali pake, na kisha otesha vipande vingine toka kile chako, si toka pori. Mukifanya hivi, chombo kimoja katika labo kinaweza kutoa mimea ya kalasi yote, na mmea wa pori hautapungukiwa kitu.

MAULIZO YA KUJIJARIBU

1. Kwa sababu gani wataalamu walitoa majina mengi kwa mmea mmoja?
2. Taja tofauti mbili kati ya Rhektophyllum na Syngonium.
3. Kipande chenye jani zuri lakini bila kifundo kitakuwaje?
4. Mdogo wako ametafuna jani la jamaa ya magimbi. Utafanya nini kwanza, na nini hutafanya?
5. Tafuta katika lupango lenu mmea mwingine ambao jani la utoto halifanani na jani la uzee. Chora yote mawili, andika tarehe na pahali, ulete katika labo.

Mwalimu wa biolojia